Nyumba haikubomoka yenyewe: Jumatano yangu moja

Saa 11 alfajiri. Huku Uingereza mwezi wa Januari jua halichomozi mpaka saa 2, kwa hiyo naandika gizani, kanga juu ya sweta, kikombe cha chai ya tangawizi pembeni. Riwaya yangu imekwama tangu Jumatatu kwenye sentensi moja: "Siku ile nyumba ya Chumbageni ilibomoka." Sarufi yake haina kasoro, na sikioni inapendeza. Lakini ni sentensi ya uongo. Nyumba ile haikuangushwa na mvua wala uzee. Yupo aliyeibomoa, na msimulizi wangu anamjua. Nairuka, naandika kurasa mbili za mbele, kisha narudi kuitazama. Bado inanikera.

Saa 1 asubuhi nampigia mama. Tanga ni saa 4.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi haijaondoka tu?"

Usiku umeme wa luku ulimwishia, akalala na mshumaa. Namtumia hela kwa simu kabla hata hatujaagana.

Saa 4 natembea hadi maktaba ya mtaa wetu. Hiki ndicho chumba ninachokipenda kuliko vyote katika mji huu: kina joto, meza pana, na hakuna anayekuuliza umenunua nini. Asubuhi hii mlango umefungwa. Karatasi iliyobandikwa kwenye kioo inasema kwamba saa za kufungua zimebadilika na kuanzia sasa ni siku tatu kwa wiki. Mzee mmoja anayekuja kila siku kusoma magazeti ameisoma mara mbili, kofia mkononi, kisha akaondoka bila neno.

Zimebadilika. Hata kwa Kiingereza walikwepa kumtaja mtendaji. Sheria ya maktaba ya mwaka 1964 bado inazitaka halmashauri zitoe huduma kamili na bora, lakini tangu 2010 ruzuku ya serikali kuu imekatwa sana, na fedha zinazobaki zinakwenda kwanza kuwatunza wazee na watoto walio hatarini. Naielewa hesabu hiyo. Ila kuna kikao kilichokaa, kuna watu walionyoosha mikono, na karatasi ile ilipaswa kuandikwa "tumepunguza".

Tena katika jengo hilihili nilipiga kura tarehe 4 Julai 2024. Ndugu wengi nyumbani hawalijui hili: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali ana haki ya kuchagua wabunge. Siku hizi lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Nilitoa pasipoti yangu ya Tanzania, msimamizi akaitazama, akanipa karatasi. Mnyarwanda anayo haki hiyo, kwa kuwa Rwanda iliingia Jumuiya mwaka 2009. Jirani yake Mkongo hana, hata awe amelipa kodi hapa miaka kumi. Naona si sawa.

Saa 6 mchana niko jikoni, maharage motoni, redio imewashwa. Kila Jumatano Bunge linapokaa, wabunge humhoji Waziri Mkuu kwa nusu saa. Zamani ilikuwa robo saa mara mbili kwa wiki, mpaka Tony Blair alipobadilisha mwaka 1997. Nasikiliza kama mtu wa kazi yangu, yaani nasikiliza vitenzi. Jambo likiwa zuri ni "tumejenga", "tumeokoa". Likiwa baya, ghafla mtendaji haonekani: makosa yalitokea, foleni zimerefuka, gharama zimepanda. Chama hiki kikitoka na kile kikaingia, vitenzi vinabaki vilevile. Kiswahili chetu kinampa kila msemaji mlango huo wa nyuma, kiambishi kidogo tu: kikombe kimevunjika. Kila mtoto anaujua, na kila mama anajua kuuliza: nani amekivunja?

Saa 8 naanza kazi inayolipa kodi ya nyumba, ukalimani kwa simu. Nalipwa kwa dakika. Ya wateja hayasimuliwi, ila lugha yao naweza kuieleza. Wengi ni waomba hifadhi kutoka Kivu, mashariki ya Kongo, na panapo "walikuja" yangu, wao wana "balikuya". Sheria ya kazi hii ni kwamba mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mwenye maneno. Saa nzima nasema "nilikimbia", "niliwaacha", na miguu yangu iko chini ya meza ya jikoni. Kila mara wanaposema "balikuya", mhoji huuliza palepale: wao ni akina nani? Majina? Walivaa nini? Mtu aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni anatakiwa amtaje mtendaji wa kila kitenzi. Nchi inayomtaka hivyo yeye haijitaki hivyo yenyewe. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikataa mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda, na Aprili 2024 Bunge likapitisha sheria ya kutamka kwamba Rwanda ni nchi salama. Mpango ulifutwa baada ya uchaguzi wa Julai. Hata mimi mtunga hadithi siwezi kuandika "mlango ulikuwa salama" nikategemea msomaji aniamini. Inabidi nimwonyeshe komeo.

Saa 12 jioni bibi wa jirani anagonga. Ana miaka themanini na ushee, na mita yake ya gesi ni ya kulipia kabla, luku kabisa. Kadi iko mkononi pamoja na noti ya paundi kumi iliyokunjwa mara nne. Vidole vimekufa ganzi. Naenda dukani, narudi, nachomeka kadi, tunangoja tarakimu zibadilike. Majira ya baridi ya 2024 serikali iliwaondolea wastaafu wengi posho ya kupasha nyumba joto, naye akakosa. Mwaka uliofuata wengi walirudishiwa, yeye mmojawapo. Baridi ile hakurudishiwa. Hakuwahi kuniambia kwamba posho "ilipotea". Husema, "Waliichukua."

Saa 4 usiku. Daftari, taa ya meza, vyombo vimeshaoshwa. Nafuta "ilibomoka". Najaribu "ilibomolewa", nayo naifuta. Naandika: "Siku ile baba aliibomoa nyumba ya Chumbageni, nami ndiye niliyemshikia ngazi." Hili la ngazi sikulijua asubuhi. Itabidi sura mbili za mwanzo niziandike upya.