Barua za Kujisifu

Nyaraka za kugongwa muhuri nimemaliza. Cheti cha kuzaliwa, vya kidato cha nne na cha sita, cha shahada na transkripti yake, vyote wakili amelinganisha nakala na halisi, akagonga na kusaini. Hiyo ni kazi ya miguu na nauli tu. Kinachoninyima usingizi ni karatasi zinazotakiwa kunieleza mimi ni nani.

Naomba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi na watafiti, wa kwenda huko kusoma shahada ya uzamili, ule wa kozi za maendeleo unaowalenga watu walioko kazini. Wanataka angalau miaka 2 ya kazi baada ya shahada, na shahada yenyewe isiwe imepita miaka 6. Kwa hiyo lile neno letu la "mwakani, Mungu akipenda" kwangu halipo. Mwakani cheti changu kitakuwa kimeshazeeka.

Mama alinikuta nakokotoa alama. GPA yangu, yaani wastani wa alama za chuo, ni 3.8 kati ya 5, na kwa kanuni wanayoitumia Wajerumani, ukichukua 2.0 kuwa alama ya chini ya kufaulu, inageuka kuwa 2.2. "Mbona umeshuka hivyo, mwanangu?" Nikamwambia kwao 1.0 ndiyo bora, na 4.0 ndiyo ya kuponea. Akafikiri kidogo. "Aa, kama pointi za divisheni." Ndivyo hasa: kidato cha nne mwenye pointi 7 ndiye anayeshangiliwa. Sijaona maelezo mafupi kuliko hayo popote.

Sasa mdhamini wangu wa chuoni, mwalimu wa kuniandikia barua ya mapendekezo. Nilimpigia, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akaitikia vizuri tu, kisha: "Niandikie rasimu, mimi nitasaini." Waliosoma vyuo vyetu wanaijua sentensi hiyo. Simlaumu sana, maana ana darasa la watu mamia na kila mmoja anataka barua kabla ya Ijumaa. Lakini jaribu wewe kukaa mezani uandike, kwa sauti ya mwalimu wako, kwamba wewe ni miongoni mwa wanafunzi bora aliowahi kufundisha. Nililelewa na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkono ulikataa. Na hata usingekataa, barua mbili zenye mtindo mmoja wa kuandika, moja yangu na moja eti yake, msomaji makini atazinusa.

Nikamtumia kitu kingine: kichwa cha utafiti wangu, mwaka, na picha ya ukurasa wa tasnifu ambao aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Data zako zinasema zaidi ya ulivyozisema wewe." Jioni akajibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka. "Ee, nimekukumbuka sasa. Wewe ndiye wa visima vya chumvi. Hii naandika mwenyewe." Kama unaomba chuo mwaka huu, nakushauri usimpelekee mwalimu sifa. Mpelekee cha kumkumbusha.

Barua ya motisha, ile yangu mwenyewe ya kueleza kwa nini naomba, ndiyo bado nahangaika nayo. Ya kwanza ilianza na "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto", nikaifuta kabla ya nukta, maana utotoni ndoto yangu ilikuwa kuuza duka. Hii ya sasa inaanza na pampu ya sola katika kijiji kimoja cha Mpwapwa, iliyosimama kwa kukosa kifaa ambacho bei yake ni ndogo kuliko posho tuliyolipwa kwenda kuikagua. Rafiki yangu kazini ameisoma akaniuliza kama nataka ufadhili au nataka kufukuzwa. Nimeiacha. Wakiniuliza kwa nini nasoma usimamizi wa maji wakati uhandisi ninao tayari, jibu langu ni hiyo pampu. Uhandisi wake hauna kasoro yoyote.

Imebaki barua ya mwajiri, yenye kichwa cha ofisi, tarehe, saini na muhuri. Mkuu wa idara ameahidi. Kesho namvizia asubuhi kabla hajaingia kikaoni, kwa sababu akishaingia ni mpaka jioni, na mhasibu ameshaninong'oneza kuwa keshokutwa anasafiri.