Daktari bingwa alikuja, watoto wakakimbia

Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na kwa muda wote huo ungeniuliza kazi za afya ni zipi ningekujibu: daktari, nesi, mfamasia. Hapo ningekwama. Nalisema mapema mjue anayeandika si mjuzi. Nilipewa dawati la ushauri wa taaluma, la kuwaelekeza wanafunzi kwenye kazi, zikiwemo za afya, kwa sababu sikuwapo kikaoni siku majukumu yalipogawanywa.

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa mmoja: "Mwalimu, waletee daktari bingwa awatie hamasa." Nikahangaika wiki kadhaa, barua, simu, barua tena, hadi nikampata mpasuaji. Akaja na koti jeupe na slaidi zake. Akaongea saa moja na nusu. Alianza na alama zake za sekondari, akaingia kwenye miaka aliyosoma, usiku ambao hakulala, mitihani iliyowaangusha wenzake. Halafu akatuonyesha utumbo uliofunguliwa, rangi kamili, ukubwa wa ukuta. Binti wa safu ya pili akalegea, tukamtoa nje apate hewa. Bingwa akafunga kwa kusema fani hii si ya kila mtu. Makofi yalikuwa ya nguvu, nami nikapiga kuliko wote.

Kesho yake nikapitisha karatasi. Kabla ya hotuba, waliotaka kazi za afya walikuwa 19. Sasa walikuwa 7. Sina ugomvi na yule bwana, alieleza njia yake kwa ukweli. Mjinga nilikuwa mimi, niliyewaonyesha kilele bila kuwaambia kuwa hata chini ya mlima watu wanaishi, tena vizuri.

Dawa nilikuja kuipata bila kuitafuta. Kijana mmoja alirudi darasani na magongo, mguu umefungwa plasta baada ya kuanguka mpirani. Nikamuuliza, tangu uanguke, nani na nani wamekushughulikia? "Daktari tu, Mwalimu." Nani alikupokea mlangoni? Akafikiri. Nani aliandika jina lako? Nani alikupiga picha ya mfupa? Nani alikuchoma sindano ya maumivu, nani alikufunga hiyo plasta, nani atakufundisha kutembea tena ikitolewa? Nikawa naandika ubaoni, na darasa likaanza kunisaidia kwa kelele: mtunza kumbukumbu, muuguzi, mtaalamu wa mionzi, mfamasia, mtaalamu wa fiziotherapia. Mmoja akamkumbuka dereva wa ambulensi, mwingine anayechemsha vifaa viwe safi. Tulipofika 14 nikadhani tumemaliza. Ndipo binti asiyezungumzaga akauliza, "Na ile mashine ya picha ikiharibika, anaitwa nani?"

Sikujua. Nilimwambia ukweli kuwa sijui, nikaenda kuuliza: ni mhandisi wa vifaa tiba. Mwaka mzima binti huyo alikuwa akifungua redio na kuzifunga, sisi tukimwita mtundu.

Tangu hapo sianzi tena na kazi, naanza na mgonjwa mmoja. Mguu uliovunjika, chupa ya damu inayotoka mkononi kwenda maabara, mama anayejifungua. Wanafunzi wanafuata nyayo na kuandika kila mkono uliogusa. Gharama yake ni karatasi kubwa na kalamu za rangi, basi. Wale wenye vitini vya kung'aa vya taaluma wasiwababaishe.

Lakini watoto hawakuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa sisi ofisini. Mtoto akisema anataka afya, mwalimu wa hesabu anamkata: "Wewe na hizi alama?" Nikaona nianze na walimu wenzangu, na nikaanza na huyo huyo, kwa sababu ndiye mkali kuliko wote. Nilimpa swali moja alipeleke darasani. Mtoto ana kilo 12, dawa ya maji ya paracetamol anatakiwa apewe miligramu 15 kwa kila kilo, na chupa imeandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5. Anywe mililita ngapi?

Jibu ni 7.5. Kijana mmoja, tena hodari, akasahau nukta akaandika 75. Kwa kawaida mwalimu angeweka mkasi mwekundu na kuendelea. Safari hii akachukua bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, akavuta maji, akamimina kwenye glasi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, darasa likihesabu kwa sauti. Kufikia ya tano sauti zilikuwa zimepungua. Alipomaliza na ile nusu ya nane akainua glasi: "Dozi mara kumi. Ini la mtoto huyu liko hatarini." Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye somo la desimali. Sasa ananifuata yeye kuomba maswali mengine, na anasema wazo lilikuwa lake. Nimemwachia.

Wa fizikia hakunisumbua. Nilimkumbusha tu kwamba Röntgen, aliyegundua eksirei mwaka 1895, alikuwa mwanafizikia na si daktari. Kifua kikajaa. Wa jiografia alikuja mwenyewe na habari ya John Snow, aliyechora ramani ya vifo vya kipindupindu London mwaka 1854 hadi lawama zikaishia kwenye pampu moja ya maji. Wanafunzi wake wakachora mabomba yote ya shule na vyoo vilivyo jirani nayo. Mwalimu mkuu hakuifurahia ile ramani, lakini bomba moja lilihamishwa.

Kuna wanaosema tunawapotosha watoto, kazi zenyewe ziko wapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria dunia itapungukiwa wahudumu wa afya milioni 11 ifikapo 2030. Sidanganyi wanafunzi kwamba uhaba ni sawa na ajira iliyo tayari, nafasi inahitaji bajeti ya kuilipia. Ila "hakuna kazi" nayo si jibu la mtu aliyeangalia.

Sasa aibu yangu. Ziara ya kwanza hospitalini niliwaandaa wanafunzi siku tatu: msiguse, msicheke wagonjwa, msipige picha, anayeona kizunguzungu aseme. Tukafika chumba cha kutolea damu. Aliyeanguka ni mimi. Mwalimu wa baiolojia! Nilifumbua macho niko chali, miguu imeinuliwa juu ya kiti, na muuguzi anawaeleza wanafunzi wangu, kwa utulivu kabisa, kwamba mapigo yangu yameshuka, mishipa imelegea na damu imepungua kichwani, ndiyo maana miguu iko juu. Waliandika! Hawajawahi kuandika hivyo darasani kwangu.

Kwenye basi mmoja akauliza kama anayeogopa damu anaweza kufanya kazi za afya. Tukazitaja njia nzima: takwimu, kumbukumbu, afya ya mazingira, lishe, ufundi wa vifaa. Waliojiandikisha kutaka kazi za afya jioni ile walikuwa 23.

Ziara nyingine ni wiki ijayo. Muuguzi yule ametuma ujumbe kwamba tunakaribishwa sote, ila mwalimu wa baiolojia ale kwanza, na kiti chake kitakuwa karibu na mlango.