Karindula ya ndugu yangu

Leo nimepita Katuba, hapa Lubumbashi, kwa mama ya ndugu yangu, karindula yake, ile banjo kubwa ya pipa, ingali kwa ukuta na kamba zake nne, nikashindwa hata kuketi. Mi na yeye tulikomalia lupango moja, uwanja moja wa nyumba, tangu batoto.

Ile karindula alitengenezaka yeye mwenyewe, akakata pipa ya mafuta, akafunika na ngozi ya mbuzi, ile ngozi tulianika siku tatu na tukapeana zamu ya kulinda sababu imbwa ya jirani ilikuwa inaitafuta sana. Sauti yake unaisikia kwa tumbo mbele ya masikio, kweli. Gitare pia alijua, vidole viwili tu, gumba na cha kuonyesha, vile Mwenda Jean Bosco, mupiga gitare wa Katanga, alipigaka miaka ya 50.

Lakini kwa matanga njo nilimuonaka vizuri. Batu wako inje usiku, baridi ya mwezi wa 7, yeye anaanza polepole, bamama wanalia, kisha saa nane ya usiku anageuza mupigo na unaona mujane anatingisha mabega, anacheka kabisa! Wakimupa franga anakataa, anaomba tu munkoyo, kinywaji ya mahindi.

Kwa matanga yake mwenyewe hakuna mutu alipiga. Mi nilijaribu, vidole vikakataa.

Leo mama akaniambia, baba, ubebe tu. Nimeibeba kwa bega mpaka Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, na batoto ba aveni wakanifuata, wanauliza mwenye kupiga eko wapi.