Maji kwenye dakti: nilivyopata chanzo bila kuongeza gesi

Nyumba iko Capri Point, Mwanza, upande wa mawe unaotazama ziwa. Kiyoyozi chake si kile cha ukutani. Mashine ya BTU 24,000 imening'inizwa darini juu ya korido, na hewa inakwenda vyumba vitatu kwa dakti, yaani yale mabomba mapana ya bati yaliyovishwa blanketi la sufi ya kioo lenye foili. Grili ya chumba cha mwisho, yaani kile kidirisha cha kutolea hewa, ilikuwa inadondosha maji, jipsamu imepiga doa la rangi ya chai, na hewa inanuka kama nguo zilizokunjwa mbichi. Gesi ilikwisha kuongezwa mara mbili.

"Kwa hiyo fundi, hii ni gesi ya tatu?"

"Hapana, mama. Kwanza tujue maji yako ndani ya bati au nje yake."

Swali hilo ndilo linaloamua kazi yote. Maji ya ndani yametoka kwenye mashine. Maji ya nje ni jasho la bati au paa linalovuja. Paa nililiondoa mapema: nilizima swichi kubwa ya mashine usiku mmoja wa mvua ya Aprili, na asubuhi pale penye doa palikuwa hapajaongezeka tone. Gesi nayo ina kipimo chake cha haraka. Ikipungua, koili, yaani yale mabomba ya baridi ndani ya mashine, huganda barafu, na mashine ikizimwa barafu inayeyuka na kufurika. Baada ya dakika 20 za kuwasha, hewa iliingia ikiwa na nyuzi 26 na kutoka ikiwa na 15, na koili haikuwa na barafu hata kidogo. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 inatosha. Gesi ikaachwa ilivyo.

Darini tembea juu ya mbao tu, maana jipsamu haibebi mtu, na vaa barakoa kwa sababu ya sufi. Nilikata tundu la sentimita 10 kwa 10 upande wa juu wa dakti, mita moja kutoka kwenye mashine, nikamulika ndani. Kulikuwa na dimbwi na tope la kijivu. Kisha nikapitisha mkono juu ya blanketi urefu wote. Lilikuwa kavu, isipokuwa sehemu mbili chini ya mikanda inayoshikilia dakti, ambako likikamuliwa lilitoa maji kama dodoki. Yalikuwa magonjwa mawili kwenye dakti moja, na kila moja lina dawa yake.

La ndani ndilo lililokuwa zito. Fundi aliyetangulia alimwaga maji kwenye trei ya mashine, ile inayokinga maji ya koili, yakashuka vizuri, akasema bomba la kutolea maji ni zima. Alipima feni ikiwa imezimwa. Mimi nilimwaga lita mbili feni ikiwa inazunguka: maji yakasimama kwenye trei, yakawa yanachemka kwa mapovu penye tundu la kutokea. Nje, kwenye ncha ya bomba, nikashika kipande cha karatasi ya chooni. Kikavutwa kikanasa mdomoni mwa bomba. Nikaomba feni izimwe. Sekunde chache tu, maji yote yakamwagika kwenye ndoo kwa mkupuo mmoja.

Sababu ni kwamba kwenye mashine hii feni iko baada ya koili na inavuta hewa kupitia koili, kwa hiyo trei imekaa kwenye upande wa kunyonya. Bomba likiwa wazi, hewa ya nje inapanda kupitia humo na kuyazuia maji kushuka. Trei inajaa, hewa inayopanda inayarusha maji kuwa matone, feni inayadaka na kuyatupa ndani ya dakti. Kilichokosekana ni mtego wa maji, ule mkunjo wa U kama wa chini ya sinki.

Nilitengeneza kwa PVC ya inchi robo tatu: elbo nne, ti moja yenye kizibo cha kufungua wakati wa kusafisha, na gundi. Maji ndani ya U yawe na kimo cha sentimita 5, na mahali bomba linapoendelea baada ya U pawe chini ya tundu la trei kwa sentimita 5 nyingine. Mvuto wa feni wa paskali 100 (kipimo cha shinikizo) unapandisha maji sentimita moja tu, kwa hiyo kipimo hicho kinabaki na akiba hata filta ikichafuka na mvuto ukaongezeka. Bomba la kupumulia, kama linahitajika, liwekwe baada ya mtego. Likiwekwa kabla, umerudisha tatizo lile lile. Na usiweke mtego wa pili huko mbele. Hewa inanasa katikati na maji yanagoma.

Bomba lenyewe lilikuwa limelegea kama kamba ya kuanikia, kwa kuwa vishikizo vyake vilipishana mita mbili. Niliviweka kila mita moja, nikashusha mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, nikahakikisha kwa pimamaji. Mashine pia iinamie kidogo upande wa tundu la trei. Hapa nati moja ya nondo ya kuning'inizia ilikuwa imelegea, ikaiinamisha kinyume.

Koili ilikuwa na tabaka la vumbi lililochanganyika na vijidudu vya ziwani, wale wanaotoka kama moshi hasa mwezi unapoandama. Wanapita kwenye matundu ya filta iliyochanika, wanaoza kwenye trei na kuwa uteute unaoziba. Koili iliyozibwa nusu inalazimisha hewa yote ipite kwenye nafasi iliyobaki kwa kasi, na hewa ya kasi inapeperusha matone kutoka kwenye koili. Nilibadilisha filta, nikasafisha koili kwa brashi laini na maji ya sabuni. Jiki usiitumie hapo, inakula alumini.

Ugonjwa wa pili, jasho, ulikuwa unatokea zaidi usiku, na wengi hapo hupotea wakidhani joto la mchana ndilo linaloleta jasho. Mchana mabati yanalipasha dari, na ngozi ya nje ya blanketi inabaki na joto. Usiku wa masika dari linashuka hadi nyuzi 23, lakini unyevu wa hewa hauondoki. Kitu chochote chenye nyuzi 20 au chini kinatoa jasho. Hewa ndani ya dakti ilikuwa na nyuzi 13 hivi, kwa kuwa usiku walikuwa wanashusha rimoti hadi 16. Blanketi la milimita 25 linahimili. Chini ya ile mikanda lilikuwa limebanwa hadi milimita 5, na hapo foili ikapoa hadi 19.

Sufi iliyolowa haikauki ikarudi kuwa nzima. Nilikata iliyolowa na sentimita 20 zaidi kila upande, nikavisha mpya, nikaziba maungio kwa tepu ya foili. Tepu ya kitambaa inabanduka kwa joto la dari. Mikanda nikaibadilisha kwa mipana ya sentimita 5, na chini ya kila mmoja nikaweka kipande cha bati lililokunjwa ili uzito usibonyeze. Pengo kati ya grili na jipsamu nililijaza silikoni, maana hewa ya dari ikipita hapo inatoa jasho kwenye grili. Tundu la ukaguzi nililifunika kwa bati, skrubu nne na silikoni.

Nilijaza mtego kikombe kimoja cha maji kabla ya kuwasha, kwani mtego mkavu ni bomba wazi. Saa moja baadaye ndoo ya nje ilikuwa na lita 1.8, na karatasi ya chooni niliyobandika ndani ya grili ilikuwa kavu. Rimoti ikabaki 24.

"Na tukisafiri Julai, fundi?"

"Mkirudi, mama, fungua kizibo cha ti, mimina kikombe, ndipo uwashe."