Nyuzi 14 za Julai

Leo asubuhi mafuta ya kupikia yamegoma kutoka kwenye chupa. Yameganda, meupe pee, ikabidi niisimamishe chupa kwenye sufuria ya maji moto huku nimejifunga blanketi kiunoni kama kanga, nikacheka mwenyewe maana nimekumbuka kabla sijahamia huku Njombe nilikaa Dar nikaangalia hali ya hewa kwenye simu, nikaona Julai wastani ni nyuzi 14 hivi, nikasema ah, kumi na nne si mbaya, sweta moja linatosha.

Simu ilinidanganya. Au niseme mi ndo sikujua kuisoma hiyo 14. Maana mara nyingi watu wa hali ya hewa wanachofanya wanachukua joto la juu kabisa la siku, wanajumlisha na la chini kabisa, wanagawa kwa mbili, wanafanya hivyo mwezi mzima, halafu wanachanganya miaka 30 (sasa hivi inayotumika ni 1991 hadi 2020). Sasa Julai ya hapa alfajiri unaikuta kwenye 7, saa nane mchana jua linakupiga kisogoni kwenye 20 unavua koti, jioni unalivaa tena mbio mbio. Hiyo 14 yenyewe inapita kama daladala iliyojaa, haisimami.

Kuhusu baridi yenyewe hamna siri, ni mwinuko tu. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu, kwa hiyo mtu akitoka Dar na basi anakuwa ameacha nyuzi 12 au 13 njiani hata kabla hajashusha begi.

Kilichonifunza adabu ni viazi. Mwaka jana nilikodi kinyungu, hivi vibustani vya bondeni watu wanalima kiangazi kwa sababu ardhi inabaki na unyevu. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, kule chini baridi inalala." Nikaitikia ndiyo mama, nikapanda. Katikati ya Julai ukaja usiku mmoja mbingu nyeupe kwa nyota, hamna wingu, hamna upepo hata wa kutikisa jani, na usiku wa hivyo joto la ardhi linapaa lote halafu hewa ya baridi kwa sababu ni nzito inateremka mabondeni kama maji. Asubuhi majani yalikuwa na jalidi, yaani barafu nyembamba ya alfajiri, yanameta kama yamenyunyiziwa chumvi. Pazuri kweli, nikapiga na picha! Kufika saa nne yote yamekuwa meusi na kulegea kama kisamvu kilichochemshwa. Na kwenye simu ilisomeka nyuzi 4. Kumbe kipimajoto rasmi kinakaa ndani ya kisanduku cheupe kama mita moja na nusu juu, wakati viazi vyangu vilikuwa chini kwenye nyasi, ambako ilikuwa imeshuka hadi chini ya sifuri.

Kitu kingine kilichonishangaza, mwezi wa joto huku si Januari wala Februari kama Dar. Ni Oktoba na Novemba. Jua linapita utosini kwetu katikati ya Oktoba, mbingu bado kavu, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Linapita tena mwishoni mwa Februari lakini saa hizo kuna mawingu na mvua, halifurukuti. Ndugu zangu wa Dar wananiulizaga vuli ya huku ikoje, nawaambia hatuna vuli, tuna mvua moja tu ndefu, inaanza Novemba inakwenda mpaka Aprili, inamwaga zaidi ya milimita 1,000, nguo hazikauki na ulanzi, ile pombe ya mianzi, unapatikana kila kona. Mei inakata, na kuanzia Juni upepo wa kusini-mashariki unaleta ile baridi ya kuingia kwenye goti.

Siku hizi kwenye daftari langu siandiki wastani. Naandika namba mbili, ya alfajiri na ya saa nane mchana, na pembeni naweka alama kama usiku kulikuwa na mawingu. Leo alfajiri 6, hamna wingu. Kinyungu mwaka huu nimeacha, nimepanda juu mlimani kidogo, nitakwenda kuchungulia.

Chupa imeshalegea, ngoja nikaange mayai kabla haijaganda tena.