Kiraka Kipya, Vazi Kuukuu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Marko 2:21, pale Bwana anaposema hakuna mtu anayeshonea kiraka cha kitambaa kipya kwenye vazi kuukuu. Mstari huu tumezoea kuutumia kutenganisha: wazee na ibada yao, vijana na yao. Lakini Bwana alikuwa akijibu swali la kufunga, si la umri. Na aliyezoea kukaa kwenye cherehani husikia humo jambo jingine: shida ya kile kiraka ni kwamba hakijapita majini.

Pamba mpya husinyaa ikifuliwa mara ya kwanza, mara nyingi sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Vazi kuukuu limeshasinyaa zamani, halina tena cha kutoa. Ukiviunganisha hivyo, Jumapili ya kwanza vinapendeza. Siku ya kufua, kiraka kinajivuta, na kwa kuwa nguo inayozunguka tundu imechakaa, ndiyo inayochanika. Bibi wa Chamwino au Kongwa aliyesomesha watoto kwa kaptula mbili analijua hili. Kijana wa leo halijui, maana nguo ikitatuka anakwenda mtumbani.

Basi bibi na mjukuu wakae pamoja. Kitambaa kipya kilowekwe nusu saa kwenye maji ya moto kiasi, kifuliwe, kianikwe kivulini, kipigwe pasi. Kiraka kipite ukingo wa tundu kwa sentimita 3 kila upande: 1 ya kukunja, 2 za kulala juu ya nguo iliyo nzima. Hapa wengi huharibu. Wanapima tundu peke yake, na mshono unaangukia palepale palipolegea. Nyuzi za kiraka ziende sawa na nyuzi za vazi, urefu kwa urefu, la sivyo kitavuta mshazari. Piga bandi (mshono wa kushikilia kwa muda) kwa mkono kwanza, kisha pitisha cherehani milimita 2 kutoka ukingoni, sindano namba 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi.

Macho ya kutunga uzi ni ya mjukuu. Vidole vinavyotambua pamba tupu na iliyochanganywa ni vya bibi (au vya babu, barazani mafundi wanaume ni wengi, tusiwasahau). Tito 2 inawataka wanawake wazee wawafundishe walio vijana, na cherehani ya miguu ina mafundisho yake. Mwanafunzi aanze bila uzi, akifuata mistari ya karatasi ya daftari, kwa sindano iliyochoka kwani karatasi huua makali. Mkono wa kulia uzungushe gurudumu kuja upande wake, ndipo miguu ifuate. Gurudumu likirudi nyuma, uzi unajisokota na kukatika.

Kisha kuna lile linalogombanisha. Vitanzi vya uzi vikijaa chini ya kitambaa, kijana hulaumu bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Mara nyingi kosa liko juu: uzi wa juu haukukaa kati ya visahani vya kuukazia, kwa sababu ulitungwa mguu unaobana kitambaa ukiwa umeshushwa. Inua mguu, utunge upya. Wazee wa kanisa, tulikumbuke hilo kabla ya kulalamikia fujo za vijana.

Vumbi la kiangazi hapa Dodoma nalo halijambo: likikutana na mafuta hugeuka gundi mle bobini inamokaa. Brashi kwanza, tone la mafuta baadaye, halafu shona kipande cha majaribio ili mafuta yaliyozidi yasiingie kwenye nguo ya mtu.

Jumamosi baada ya maombi, kila bibi aje na nguo moja iliyotatuka. Kijana aje na kipande cha pamba, na kiwe kimefuliwa tangu Ijumaa.