Land Rover ilivyoacha kutetemeka ikiwa sailensa

Barabarani haikuwa na shida. Kutoka Tanga mjini mpaka Muheza, Land Rover yangu, Series III ya petroli, ilivuta vizuri na milima iliipanda. Balaa lilikuwa kwenye kusimama, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Mguu ukitoka tu kwenye mafuta, injini inaanza kutikisika, usukani unacheza mkononi, kioo cha pembeni kinaonyesha bodaboda moja kama tatu, halafu inazima. Kukatiza mitaa ya Ngamiani saa za jioni ukawa mtihani. Na kila aliyeisikia alikuwa na jibu lake: plagi, petroli chafu, pampu, "hiyo imechoka, weka injini ya Toyota." Hili la Toyota nimeambiwa mpaka nimeacha kulijibu.

Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Injini yangu ni ile ya silinda nne, cc 2286, haina kompyuta wala sensa. Hakuna mashine ya kuichomekea ikakuambia ugonjwa, ila pia hakuna kitu ndani yake usichoweza kukishika na kukipima mwenyewe.

Dalili yenyewe ilikuwa inasema jambo. Ugonjwa unaotokea sailensa tu na kupotea ukikanyaga mafuta hauna sehemu nyingi za kujificha. Injini ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo mno, kwa hiyo ufa mdogo unaoingiza hewa, au petroli kidogo iliyozidi, inatosha kuvuruga mchanganyiko mzima. Ukikanyaga, hewa inaingia nyingi na kasoro ile inamezwa.

Hata hivyo kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hatukuigusa kwanza. Ninaye mzee mmoja fundi, enzi zake alitengeneza Land Rover za mashamba ya katani, na ndiye niliyempelekea. Nilipomwamkia hata shikamoo hajaimaliza kuipokea, akaona bisibisi mkononi mwangu. "Mwanangu, hiyo weka chini. Ukichezea kabureta hujajua moto ukoje, utarudi nyumbani na magonjwa mawili."

Tukaanza na tapeti, yaani nafasi kati ya kila valvu na kinachoisukuma. Raha ya gari hizi ni hendeli ya mbele: unazungusha injini taratibu kwa mkono huku mwenzako anaangalia valvu. Zipo nane, na hesabu yake ni ya tisa: namba mbili zikijumlishwa zifike tisa. Valvu ya 1 ikiwa imefunguka kabisa, unapima ya 8. Ya 2 ikifunguka unapima ya 7, na kuendelea hivyo. Nafasi ni milimita 0.25 kwa zote, za kuingiza na za egzosti. Moja ya egzosti ilikuwa imebana, fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) haipiti. Tukailegeza. Mtetemo ukapungua kidogo, haukuisha.

Upande wa moto, yaani umeme wa plagi, anayekaa Tanga ajue kwamba upepo wa bahari haumwachi mtu. Ndani ya kofia ya distribyuta, kinachogawa moto kwa kila plagi, vichwa vya shaba vilikuwa na unga wa kijani, na waya wa athi kati ya injini na chesisi ulikuwa umekula chumvi kwenye nati. Tukasafisha vyote, tukafunga pointi mpya (swichi ndogo iliyo ndani ya distribyuta) kwa nafasi ya kati ya milimita 0.35 na 0.40. Mzee akashika shafti ya distribyuta na kuitikisa kulia na kushoto. Hiki watu wengi hawakiangalii: shafti ikiwa na mchezo, nafasi ya pointi inabadilika kila silinda, na sailensa iliyotulia hutaipata hata ukinunua pointi kila wiki. Yangu ilikuwa imara.

Kisha kikaja kipimo ambacho kwangu ndicho kilichoigawa kazi. Injini ikiwa inaunguruma, unachomoa waya wa plagi moja kwa koleo lenye mpira, unasikiliza, unarudisha, unakwenda kwa nyingine. Silinda inayofanya kazi ukiinyima moto, injini inashuka. Isiyofanya kazi, hakuna kinachobadilika. Kama ingekuwa moja tu ndiyo mvivu, tungetafuta kwenye plagi yake, waya wake, valvu zake. Zote nne zilishusha injini sawasawa. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye kitu ambacho silinda zote zinachangia.

Plagi zilipotoka, zote zilikuwa na masizi meusi makavu. Petroli inazidi. Kama hewa ingekuwa inavuja kuingia, zingekuwa nyeupe. Kwa kujiridhisha tulinyunyizia maji kidogo kwenye gasketi ya manifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye silinda) na chini ya kabureta, maana palipo na ufa yakivutwa ndani injini inabadili sauti. Haikubadilika. Mzee ana geji ya vakyumu ya zamani, ya kupima nguvu ya injini kuvuta hewa, akaifunga kwenye manifoldi. Injini nzima, usawa wa bahari, husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, mshale umetulia. (Ukiwa Lushoto utasoma chini ya hapo na injini isiwe na kosa lolote, ni mwinuko.) Wangu ulikuwa unaelea polepole, unapanda na kushuka. Valvu mbovu ingeufanya urukeruke kwa mpigo mmoja. Kuelea kule ni mchanganyiko.

Sasa ndiyo ikaruhusiwa bisibisi. Skrubu ya mchanganyiko wa sailensa ukiifunga mpaka mwisho, injini inatakiwa izime. Yangu nikaifunga yote, na bado inaunguruma kwa kutetemeka vilevile. Kwa maneno mengine, ilikuwa inakunywa petroli kupitia njia isiyo yake.

Kabureta ni Zenith 36IV, ya vipande viwili, cha juu na cha chini, vinavyokutana kwenye uso wa bapa wenye oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) kuzunguka koo la katikati. Tulipofungua, oringi haikuwepo kabisa. Fundi fulani wa zamani aliifungua, akairudisha bila hiyo, na ili isivuje akakaza skrubu kwa nguvu zake zote. Kwa kukazwa hivyo na joto la injini miaka yote, kipande cha juu kilikuwa kimejikunja kama kopa la muhogo. Tuliweka rula ya chuma juu yake na fila geji ikapita chini katikati. Hapo ndipo petroli ilipokuwa inafyonzwa kuingia kooni.

Dawa yake ni msasa wa maji juu ya kioo kinene kilicholala sawa. Unapaka uso wa kabureta wino wa kalamu nene, unausugua taratibu kwa mwendo wa namba nane, unainua, unaangalia. Wino unaobaki unaonyesha mabonde. Unaendelea mpaka wino wote uondoke kwa pamoja, kisha unaacha. Ukizidisha unakula chuma bure. Vitundu vyote tulivipuliza kwa pampu ya baiskeli, kwa sababu vumbi la msasa likikaa kwenye jeti, kitundu cha kupimia petroli, umeanza upya.

Oringi ilinisumbua kuliko msasa. Mpira wa kawaida ukikaa kwenye petroli unavimba na kuharibika, kwa hiyo zile za mabomba ya maji hazifai. Nilipata ya kufaa kwa wauza spea za injini za boti, wanaohudumia wavuvi wa Deep Sea, hapa Tanga. Ukifikiria, injini ya boti nayo inakunywa petroli ileile.

Baada ya kuifunga, skrubu tukazikaza kwa zamu, za mshazari, bila ubabe. Injini ikapata moto vizuri, nikafungua skrubu ya mchanganyiko mpaka mzunguko ukafika juu kabisa, nikairudisha kidogo, nikashusha sailensa. Safari hii nilipoifunga yote ilizima. Mshale wa geji ukasimama kwenye 19.

Sasa imebaki mtikisiko mdogo ukiwasha asubuhi na ukizima, lakini huo ni wa maunti za injini, vishikio vya mpira vinavyoibeba kwenye chesisi. Mpira wake umepasuka na unaonekana kwa macho. Nimeagiza Dar.